Mchango Ukianza, Nani Anashika Hesabu?

Ilikuwa usiku wa Jumanne mwaka 2022, nami nilikuwa zamu katika wodi ya wanaume. Kitanda cha tatu kutoka dirishani alilala mwalimu mmoja wa shule ya kibinafsi, baba wa watoto watatu, ambaye figo zake zote mbili zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Shingoni alikuwa na ule mpira wa kumuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zimepita, lakini mkewe alikuwa ametoka mbali na nilimwacha akae kidogo.

“Sista,” akaniambia kwa sauti ya chini, “naomba utupige picha. Shemeji amesema ile ya kwanza haifai, mgonjwa anaonekana mzima. Anataka inayoonyesha mpira.”

Nikaichukua simu. Mgonjwa akageuza uso akatazama ukuta. Niliona, mama mwenzangu, wala siwezi kusema kwamba sikuona. Lakini nilikuwa na wagonjwa wengine kumi na tisa na dawa za saa nne za kugawa, basi nikapiga picha mbili za haraka, moja ikamshika uso kidogo, nikairudisha simu na kuendelea na kazi. Kufikia asubuhi picha hiyo ilikuwa katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa, ya walimu wenzake, na ya wazazi wa shule anayofundisha.

Nimekuwa muuguzi kwa zaidi ya miaka ishirini, na kanisani nimo katika kamati ya kuwatembelea wagonjwa. Kwa hiyo michango hii ya simu naiona kwa pande zote mbili. Kazini naona bili inavyokua kila siku, na Jumapili naombwa nitangaze nambari ya kutuma fedha. Nimeona watu wakipona kwa mchango wa shilingi mia mia. Nimeona pia ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya mchango huo huo. Kisa cha mwalimu huyu kina yote mawili ndani yake, nami ameniruhusu kukisimulia mradi nisimtaje jina.

JAMBO LA ZAMANI, CHOMBO KIPYA

Kuchanga hatukufundishwa na simu. Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na baada ya hapo shule na zahanati nyingi zikajengwa kwa mabati na saruji vilivyonunuliwa na wananchi wenyewe. Mimi mwenyewe nilijifunza kusoma katika darasa la harambee. Wala si sisi tu. Mwaka 1885, sanamu kubwa ya Uhuru ilipokuwa imetolewa na Wafaransa na Wamarekani hawana fedha za kumaliza msingi wa kuisimamishia, mwenye gazeti mmoja wa New York, Joseph Pulitzer, aliwaomba wasomaji wake wachange. Akaahidi kulichapa jina la kila mtu, hata aliyetoa senti chache. Katika muda wa miezi mitano hivi, watu zaidi ya 120,000 walitoa zaidi ya dola 100,000, wengi wao wakitoa chini ya dola moja kila mtu. Gazeti lilifanya kazi ambayo leo inafanywa na kundi la WhatsApp, pamoja na ile orodha ya majina.

Kilichobadilika ni mwendo. Zamani harambee ilihitaji kadi, mgeni wa heshima, hema na wiki kadhaa za maandalizi. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, mtu aliye Lodwar aliweza kumtumia fedha mgonjwa aliye Mombasa bila kutoka nyumbani. Mwaka 2011, njaa ilipowakumba ndugu zetu wa Turkana na sehemu nyingine za kaskazini, kampeni ya Kenyans for Kenya iliomba shilingi milioni 500 katika mwezi mmoja. Watu wakatuma hata shilingi kumi kumi kwa simu, na lengo likavukwa. Mwaka 2015 habari za mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliyehitaji shilingi milioni moja ili akafanyiwe upasuaji wa ubongo kwa mara ya nne nchini India, zilienea katika mitandao ya kijamii. Katika siku chache zilipatikana zaidi ya milioni sita. Nakumbuka tulivyokuwa tukiisoma hesabu hiyo katika chumba cha wauguzi, tukishangaa na kufurahi. Kijana huyo aliishi karibu miaka miwili zaidi kabla ya kufariki, na wazazi wanajua uzito wa miaka miwili.

Siku hizi ipo hata mitandao iliyoundwa kwa kazi hiyo hasa. Hapa kwetu tuna M-Changa, iliyoanza mwaka 2012. Huko Marekani kuna GoFundMe, iliyoanza mwaka 2010, na mkuu wake alisema mwaka 2019 kwamba karibu theluthi moja ya michango yake ni ya matibabu. Taifa tajiri namna ile, na bado watu wake wanaombana fedha za hospitali! Familia nyingi za huku humtegemea ndugu aliye ng'ambo kuufungua mchango wa GoFundMe, kwa sababu mtandao huo hulipa katika akaunti za benki za nchi chache tu, nyingi zikiwa za Ulaya na Amerika Kaskazini. Hapo tayari fedha zimepita katika mikono miwili kabla hazijamfikia mgonjwa.

FEDHA ZA MWALIMU

Sasa turudi wodini. Mwalimu alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, gharama ikilipwa na bima ya NHIF ya wakati ule. Dada yake, aliyekuwa akifanya kazi katika shamba la maua Naivasha, alipimwa akaonekana anafaa kumpa figo moja. Ukoo ukakaa, ukakubaliana kutafuta shilingi milioni moja na laki mbili. Mdogo wa mgonjwa, yule shemeji wa mkewe, akaunda kundi la WhatsApp na kuweka nambari yake ya simu kuwa ya kupokea.

Mwanzo wake ulikuwa wa kutia moyo sana. Kila jioni orodha ilirefuka: jina, kiasi, jina, kiasi. Mjane mmoja wa kanisani kwetu anayeuza mayai alinipa shilingi mia moja mkononi, akaniomba jina lake lisiandikwe, kwa kuwa juu yake kulikuwa na mtu wa elfu ishirini. Nikaiandika “rafiki”. Tangu siku hiyo siipendi orodha ya majina na viasi. Kiasi ni cha mweka hazina kukijua. Kundi zima linatosha kuelezwa jumla ya siku, na kila aliyetoa ajulishwe peke yake kwamba mchango wake umefika.

Siku ya sita au ya saba, fedha zikaanza kuwarudia watumaji. Wakati ule laini moja ya M-Pesa haikuruhusiwa kukaa na zaidi ya shilingi 300,000 (tangu mwaka 2023 kiwango ni 500,000), na laini ya shemeji ilikuwa imejaa. Akafanya kama ambavyo wengi wangefanya. Nyingine akazihamishia benki, katika akaunti yake mwenyewe, na nyingine katika laini ya mkewe. Akatoa za nauli ya kwenda Nairobi mara tatu kufuatilia makaratasi, akanunua chai na nyama ya kikao, akaweka salio la simu. Mwezi Januari karo ya mwanawe ikamkuta, akaazima kidogo kwa nia ya kurudisha mwisho wa mwezi. Hospitali ilipotaka malipo ya kwanza, orodha ilisema kuna laki nane na sabini. Zilizopatikana zilikuwa pungufu kwa laki moja na elfu sitini.

Sidhani mtu yule alikuwa mwizi. Nasema hivyo ingawa wengine katika kamati yetu hawakubaliani nami mpaka leo. Alikuwa mtu mmoja aliyebebeshwa fedha za watu mia mbili bila mwenzake wa kumwuliza swali, na simu ile ile aliyopokelea fedha za figo ndiyo aliyonunulia unga. Fedha zikiisha kuchanganyika hivyo, hata malaika angechanganyikiwa.

Lakini kundi lilinyamaza. Hakuna aliyemtukana mtu. Watu waliacha tu kutuma, na kila asubuhi tukasoma kwamba fulani ametoka, na fulani naye ametoka. Wiki tatu zikapita namna hiyo. Dada mtu alikuwa ameomba likizo isiyo na malipo, na msimamizi wake akaanza kuuliza anarudi lini. Mkewe mgonjwa alikuja wodini siku moja akasimama mlangoni bila kuingia, akaniuliza, “Sista, watu wameniona mimi ndiye mwizi?”

WATATU, SI MMOJA

Chama chetu cha akina mama hakikuwa na fedha nyingi za kutoa, lakini tulikuwa na mama mmoja aliyestaafu kazi ya benki. Yeye ndiye aliyesema kwamba asije mtu kuombwa hata shilingi moja kabla hesabu ya zamani haijasomwa. Tukamwita shemeji mbele ya wazee wawili wa ukoo, bila makelele. Akaleta taarifa yake ya M-Pesa (mtu yeyote anaweza kuiomba kwa kampuni ya simu), tukaisoma mstari kwa mstari kwa muda wa saa tatu. Tukaandika zilizotumika kwa haki, na zilizoazimwa tukaziita zilizoazimwa. Akaomba msamaha, akakubali kulipa kidogo kidogo.

Kisha ikafunguliwa akaunti ya benki yenye watia saini watatu: mzee mmoja wa ukoo, mwalimu mwenzake, na yule mama mstaafu. Wawili wasipotia saini, hakuna kinachotoka. Malipo yote makubwa yakaenda moja kwa moja hospitalini, si kwa mtu. Kila jioni saa mbili mama mstaafu aliandika mistari mitatu katika kundi: zilizoingia leo, zilizotoka leo na kwa kazi gani, na salio. Siku ambazo hakikuingia kitu aliandika sufuri.

Mtume Paulo alipokusanya mchango wa waumini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Katika barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kuwa aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito, asije mtu akapata la kumlaumu juu ya fedha hizo. Mama mstaafu aliitaja sura hiyo mara moja tu katika kikao, akarudi kwenye daftari lake.

Barua ya hesabu iliyosomwa wazi, pamoja na kosa lililotajwa kuwa kosa, iliwarudisha watu. Si wote. Lakini katika wiki tano kiasi kilichobaki kilipatikana.

Ndugu msomaji, ukiombwa kuongoza mchango, kataa kuwa peke yako. Kusema hivyo si kujitilia shaka. M-Changa na mitandao ya namna hiyo huweza kuwekewa waweka hazina zaidi ya mmoja wanaoidhinisha kila fedha inayotolewa, ingawa hutoza ada yake, nayo ni vizuri kuihesabu katika lengo. Kama familia haitaki mtandao wala benki, basi angalau itafutwe laini mpya ya simu isiyotumiwa kwa jambo lingine lolote. Nauli na chai ya kikao nazo zisemwe tangu mwanzo. Watu hawachukii nauli. Wanachochukia ni kuigundua.

LENGO LISILOFIKA MWISHO

Upasuaji ulifanyika mwaka uliofuata. Daktari alituambia kwamba figo ilianza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado mezani. Katika kundi watu waliandika “Amina” mpaka simu yangu ikaishiwa na moto. Baada ya wiki mbili msimamizi akatoa shukrani, hesabu ya mwisho ikasomwa, kundi likafungwa.

Hapo ndipo tulipokosea wote, na kosa hili hutokea mara nyingi kuliko la fedha kuliwa. Tulihesabu gharama ya upasuaji. Hatukuhesabu gharama ya kuishi baada ya upasuaji.

Mwili humtambua mgeni. Figo iliyotoka kwa mtu mwingine, hata dada wa tumbo moja, mwili hutaka kuishambulia, na mgonjwa hupewa dawa za kuuzuia. Dawa hizo hunywewa kila siku, kwa saa zake, maisha yote. Haziachwi mgonjwa akijisikia vizuri, na anajisikia vizuri kwa sababu anazinywa. Tena katika miezi ya mwanzo damu hupimwa mara kwa mara ili kujua kama kipimo cha dawa kinatosha. Hayo yote yana bei, na hayakuwa katika ile milioni moja na laki mbili.

Miezi mitano baadaye kamati yetu ilimtembelea mwalimu nyumbani. Tulikuta amenenepa kidogo, anacheka, ameanza kufundisha nusu siku. Wakati wa chai nikaona juu ya kabati dawa zimepangwa katika vifuniko vya chupa, na macho ya muuguzi hayapumziki. Nikahesabu. Nikamwuliza mama wa nyumba kando, jikoni.

“Namgawia, Sista,” akasema. “Asubuhi nampa moja badala ya mbili, zifike mwisho wa mwezi. Yeye hajui.”

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa nini, wakati sisi tuliofunga kundi kwa vigelegele hatukumwuliza dawa zitatoka wapi? Nilimweleza tu kwa upole kwamba figo inaweza kupotea kimya kimya, bila maumivu, na kwamba wanatakiwa kwenda kliniki kesho, si wiki ijayo. Walikwenda. Vipimo vilikuwa vimeanza kuharibika. Daktari alirekebisha dawa, na kwa neema figo ikatulia.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza lengo, nenda umwone daktari na mhasibu wa hospitali ukiwa na karatasi na kalamu. Uliza bei ya upasuaji, ndiyo, lakini uliza na siku za chumba cha wagonjwa mahututi kama zitahitajika, na damu, na vipimo vya yule anayetoa kiungo, na mshahara atakaoukosa akiwa amelala. Uliza dawa za miezi sita ya mwanzo. Kama safari ni ya ng'ambo, chakula na malazi ya msindikizaji ni gharama kubwa ambayo husahauliwa. Na kabla ya yote, ulizia bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF imeondoka na mahali pake pamechukuliwa na SHA, na nimeona familia zikichangisha fedha za huduma ambayo SHA ingelipa sehemu yake, kwa sababu tu mgonjwa hakuwa amejiandikisha.

PICHA ILE

Siku ile ya chai, tulipokuwa tukiaga, mwalimu alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia kwamba juma lake la kwanza la kurudi darasani mtoto mmoja wa Gredi ya Nne alinyosha mkono, akauliza kama ule mpira wa shingoni ulikuwa unauma. Wenzake wakamtazama mwalimu kifuani. Wote walikuwa wameiona picha katika simu za wazazi wao.

“Sikukataa mchango, Sista,” akasema. “Nani angekataa? Lakini nilikuwa kifua wazi. Ningeulizwa tu.”

Nikamwambia kwamba aliyeshika simu usiku ule nilikuwa mimi.

“Najua,” akasema. “Nilikuwa macho.”

Tulisimama hapo kidogo. Nilimwomba msamaha, akanipa mkono. Lakini picha hairudi. Bado inazunguka, na mwaka jana ilinifikia tena kutoka kwa mtu nisiyemjua, ikiwa na nambari tofauti ya kutuma fedha. Wajanja walikuwa wameichukua kama ilivyo, wakabadilisha nambari peke yake, wakaombea mgonjwa aliyekwisha kupona.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika fungu la habari nyeti, na sisi wauguzi tulifundishwa kutunza siri ya mgonjwa muda mrefu kabla ya sheria hiyo. Siku hizi mtu akiniomba nimpige picha mgonjwa kwa ajili ya mchango, namwendea mgonjwa mwenyewe na kumwuliza kwa maneno haya: unataka watu wakuone ukiwa hivi? Wengi husema hapana. Basi hutafutwa picha ya siku ya harusi, au ya shambani, au akiwa na wajukuu. Sijaona mchango hata mmoja ulioshindwa kwa sababu mgonjwa alikuwa amevaa shati. Watoto ndio wanaoniumiza zaidi. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kusema hapana, na picha yake akiwa uchi mwenye uvimbe itamngoja mpaka awe msichana wa miaka kumi na minane.

KWA YULE ANAYETOA

Nawe unayeletewa ombi kila siku, usione haya kuuliza. Mwaka 2017 huko New Jersey, Marekani, wapenzi wawili, mwanamume na mwanamke, walieleza katika GoFundMe kwamba mwanajeshi wa zamani asiye na makao alimpa mwanamke huyo dola zake 20 za mwisho gari lake lilipoishiwa na mafuta barabarani. Watu zaidi ya 14,000 waliguswa, wakatoa zaidi ya dola 400,000. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba hadithi yote ilitungwa, na yule mwanajeshi alikuwa pamoja nao katika njama. Walishtakiwa wote watatu wakapatikana na hatia, na mtandao ukawarudishia watu fedha zao. Hadithi tamu yenye mwisho mwema tangu mwanzo ndiyo ya kuchunguzwa.

Kwetu hapa mara nyingi huna haja ya upelelezi mkubwa. Mpigie simu mtu wa familia unayemjua wewe, si yule aliyeandikwa katika tangazo. Omba barua ya daktari yenye makadirio. Kama hospitali ina nambari yake ya kulipia bili, tuma huko moja kwa moja, ukiweka nambari ya mgonjwa. Tapeli hapendi kabisa fedha ziende hospitalini. Na ukiona umeridhika, toa unachoweza na ulale usingizi. Usijipime na mtu wa elfu ishirini.

Wala si fedha peke yake zinazoombwa. Magaidi walipovamia jumba la Westgate, Nairobi, mwezi Septemba 2013, wito wa damu ulienea katika simu na redio, na watu wakapanga foleni ndefu kutoa. Miaka mitano kabla ya hapo, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, ambamo raia walituma habari za vurugu kwa ujumbe wa simu zikaonekana katika ramani. Mtambo huo ulitumika hata Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Kanisani kwetu tumejifunza kutoka huko kwa namna yetu ndogo. Tuna daftari la watu na aina za damu zao, na la wenye magari wanaokubali kuamshwa usiku. Daftari hilo limetufaa mara nyingi kuliko mfuko wa fedha.

KITANDA CHA PILI

Kuna mtu sijamtaja. Karibu na mwalimu, kitanda cha pili, alilala mzee mmoja mchunga ng'ombe wa watu, mwenye ugonjwa ule ule. Hakuwa na simu. Hakuwa na shemeji wa kuunda kundi, wala picha nzuri ya siku ya harusi. Alikuwa akiisikiliza simu ya jirani yake ikilia kila fedha zilipoingia, na usiku mmoja aliniuliza hao wote wanaotuma ni jamaa ya mwalimu? Nikamwambia wengi hawamjui. Akafikiri, akasema, “Basi hata mimi wangeweza kunituma.” Alikuwa na maana ya kunitumia. Alirudi kwao kwa hiari yake mwenyewe kabla afisa wa ustawi wa jamii hajamaliza kutafuta njia, na sikusikia habari zake tena.

Nilipolieleza jambo hilo katika chama, yule mama anayeuza mayai alisema kila mchango mkubwa tunaousimamia utenge fungu dogo kwa ajili ya kitanda cha jirani, na watoaji waambiwe wazi tangu mwanzo. Wengine walipinga, wakasema aliyetoa alitoa kwa ajili ya mtu fulani. Wana haki. Tulijadiliana vikao viwili, tukakubaliana fungu hilo litoke katika fedha zetu za chama, na mpaka sasa limewasaidia wagonjwa saba, hasa kwa nauli na vipimo.

Dawa za mwalimu nazo zilipata njia. Hatukufungua tena kundi la watu mia mbili. Tulitafuta watu arobaini na wawili tu wanaokubali kutoa shilingi 300 kila mwezi, na familia inajazia kilichobaki. Shemeji yumo. Alimaliza kulipa deni lake mwezi Agosti mwaka jana, na yeye ndiye anayekwenda kuzinunua dawa. Kila tarehe mbili anaweka katika kundi picha ya risiti ya duka la dawa, na chini yake mama mstaafu anaandika salio.